Bluberi imegoma? Usikimbilie kusingizia baridi

Mi ni mtu wa Makete, kwahiyo nilipohamia Minnesota, Marekani, nilijiona baridi naijua, si nimekulia sehemu ambayo mwezi wa sita na wa saba jalidi linaunguza viazi shambani na asubuhi unakuta maji ya ndoo iliyolala nje yameganda juu. Januari ya kwanza huku ikapiga nyuzi 30 chini ya sifuri, nikanyamaza. Sasa cha ajabu, kwenye bluberi, kile kichaka cha matunda madogo ya bluu, hiyo baridi ni mara chache sana imekuwa ndo chanzo cha tatizo. Miche yangu minne ya kwanza ilikufa yote na kila aliyeuliza nilimwambia winta imeiua, kumbe niliiua mwenyewe kwa majivu na samadi, kwa ujuzi wote niliotoka nao nyumbani.

Siku hizi watu wananitumia picha za bluberi zao, mwingine yuko Minneapolis, mwingine kule juu Duluth, na karibu kila picha inakuja na "nadhani ni baridi". Kwahiyo naandika hapa jinsi ninavyoangalia mimi, tunaanza na dalili unayoiona kwa macho alafu tunashuka chini kumtafuta mchawi.

Swali la kwanza huwa nauliza aina. Bluberi ni mmea wa huku huku, Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, wanaiita miin na wameichuma porini miaka na miaka, lakini ile ya porini ni fupi na tunda lake dogo, na ile ndefu ya mashamba makubwa ya New Jersey au Michigan haikuumbwa kwa winta ya Minnesota. Chuo Kikuu cha Minnesota wakazichanganya hizo mbili, ndo zikatoka Northblue na Northsky mwaka 1983, Northcountry 1986, St. Cloud 1990, alafu Polaris na Chippewa 1996. Kama una mojawapo ya hizo, baridi iondoe kwenye orodha ya washukiwa, angalau kwa kuanzia. Kama kibandiko kilishapotea na hujui ulinunua nini, basi tuendelee tu, mengi yanafanana.

Majani ya njano, mishipa ya kijani

Hii ndo mama wa dalili zote. Jani linakuwa njano, hasa yale machanga ya juu, lakini mishipa inabaki kijani kabisa kama mtu kachora kwa kalamu. Ukiona hivyo mmea umekosa madini ya chuma. Na hapa ndo watu wanapotea, wanakimbia dukani kununua chuma, wakati chuma kwenye udongo kipo tele, ila pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka ndo tindikali inazidi) iko juu na mizizi haiwezi kukichukua. Ni kama mtu ana hela benki alafu kadi imefungwa.

Bluberi inataka pH ya 4.5 hivi mpaka 5, ikifika 5.5 inaanza kulalamika, na bustani nyingi za mjini huku zipo 6.5 mpaka 7 na kitu. Jambo lenyewe wala sio jipya, Frederick Coville wa wizara ya kilimo ya Marekani alishaliandika mwaka 1910, kwamba bluberi bila udongo wenye tindikali ni kazi bure, na kabla yake watu walikuwa wanahamisha miche ya porini kwenye udongo mzuri wa bustani wenye mbolea zote na inakufa, hawaelewi kwanini.

Sasa pima. Vile vipimo vya kuchomeka vya bei chee mi sivikubali, nilikuwa navyo viwili, nikivichomeka shimo moja vinatofautiana kama mashahidi wa uongo. Chukua udongo sehemu kama tano hivi za kitanda chako, uchanganye, upeleke maabara. Ya Chuo Kikuu cha Minnesota iko St. Paul na unaweza kutuma kwa posta.

Majibu yakisema iko juu, dawa ni salfa. Ndio, salfa ile ile unayoijua kama umekaa Mtwara kwenye korosho, ila huku kwa kazi hii tafuta ya punje maana ya unga inapeperuka. Na hapa subira inahitajika kweli, kwasababu salfa yenyewe haina tindikali, kuna bakteria kwenye udongo wanaila ndo wanaigeuza kuwa tindikali, na hao bakteria wanafanya kazi udongo ukiwa na joto na unyevu. Winta wamelala. Kwahiyo unaweka leo unaona matokeo baada ya miezi sita mpaka mwaka, ndo maana inashauriwa uweke mwaka mmoja kabla ya kupanda. Kipimo kinategemea udongo, kushusha kutoka 6.5 mpaka 4.5 kwenye kichanga ni kama gramu 75 kwa kila mita ya mraba, kwenye tifutifu inapanda mpaka gramu 225, mfinyanzi ndo usiseme, zaidi ya gramu 300. Kama miche ipo tayari ardhini usimwage yote kwa mpigo, gawanya kidogo kidogo kwa misimu. Na kama maabara wamekwambia 7.5 alafu udongo wenyewe una chokaa, mi ningekushauri usipigane na mlima, tengeneza boksi la mbao juu ya ardhi, ujaze pitimosi (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyokaushwa) na maganda ya paini, upande humo.

Kuna makosa manne ambayo nayaona kila mara na yote yanatoka kwenye nia njema. Majivu, ambayo nyumbani tunamwaga kwenye mboga kufukuza wadudu, yanapandisha pH haraka sana, kwenye bluberi ni sumu. Samadi nayo ina chumvi nyingi na inapandisha pH. La tatu ni mbolea yenyewe, na hapa Mtanzania aliyelima una faida kuliko majirani zako Wamarekani kwasababu unajua tofauti ya SA na CAN. Bluberi inataka SA, salfeti ya amonia, inalisha na inashusha pH kwa wakati mmoja. CAN, kalsiamu amonia naitreti, ina chokaa ndani alafu nusu ya naitrojeni yake ni naitreti ambayo bluberi haiiwezi vizuri. Mche mdogo gramu 30 hivi zinatosha, kama vijiko viwili vya chakula, umwage mbali kidogo na shina.

La nne ni maji. Wewe umerekebisha udongo vizuri, mwaka wa pili majani yanarudi njano, unachanganyikiwa. Angalia birika lako la chai. Kama lina ukoko mweupe ndani basi maji yako yana chokaa, na kila ukimwagilia unaongeza chokaa, unachokishusha kwa salfa unakipandisha kwa mpira wa maji. Na yale maji ambayo nyumba imefungiwa mashine ya kuyalainisha ni mabaya zaidi maana yamewekewa chumvi. Mi nimeweka pipa chini ya mfereji wa bati, maji ya mvua ndo chakula chao.

Alafu makapi ya kahawa, naomba niseme hapa na iwe imeisha. Kila mtu anamwaga makapi ya kahawa kwenye bluberi akisema yana tindikali. Kahawa ikishapikwa tindikali yake kubwa umeshainywa, kilichobaki kinakaribia pH ya 7 tu. Kama matandazo kidogo hayana shida, ila dawa ya njano sio.

Kuna wanaotumia salfeti ya alumini kwasababu inashusha haraka. Inashusha kweli, lakini alumini ikizidi inaumiza mizizi, mi naiacha dukani. Na kama mmea unakaribia kukata roho, kuna dawa ya chuma ya kupulizia majani, wiki mbili tatu unaona kijani kinarudi, ila hiyo ni panadol tu, ugonjwa uko palepale chini.

Hauna ugonjwa lakini haukui

Mwaka wa kwanza urefu wa kiganja, mwaka wa tatu urefu wa kiganja. Kwanza jipe moyo, bluberi ni mvivu kwa asili, inachukua miaka sita mpaka minane kufikia ukubwa wake. Northsky hata ukiisubiri mpaka uzeeke haitafika kiunoni, ndo ilivyo.

Lakini kama hausogei kabisa, chimba pembeni taratibu uangalie mizizi. Mara nyingi nakuta bonge la mizizi limebaki na umbo la kopo lilelile la dukani, aliyepanda hakulilegeza. Bonge hilo ni la pitimosi, na pitimosi ikikauka inakataa maji kabisa, kwahiyo unamwagilia kila siku maji yanapita pembeni na katikati ni jangwa. Ng'oa mapema springi, loweka kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe, chana mizizi kwa vidole bila huruma, rudisha.

Mizizi ya bluberi iko juu juu, haina hata vile vinywele vidogo vya kunyonyea maji kama mimea mingine. Magugu yakiota karibu yanaishinda kila kitu. Kwahiyo usilimie jembe hapo, utakata mizizi yote, weka matandazo ya sindano za paini au vipande vya mbao kama sentimita 10 na uongeze kila mwaka. Mtu wa Njombe na Makete sindano za paini unazijua, tulikuwa tunaziona uchafu.

Na maua. Najua inauma, umesubiri mche utoe maua alafu mtu anakwambia yakate, lakini mwaka wa kwanza na wa pili yaondoe yote nguvu iende kwenye mizizi. Mke wangu alinigomea kwenye huu ushauri, akauficha mche wake mmoja uzae, akala matunda tisa. Mche wake mpaka leo ndo mfupi kuliko yote.

Kama udongo ni mfinyanzi na maji yanatuama baada ya mvua, hapo mizizi inaoza, inakuwa kahawia na laini badala ya kuwa myeupe ndani. Huo mmea hauponi pale ulipo, inua kitanda.

Springi imefika, matawi ya juu yamekufa

Hapa ndo sasa baridi tunaiita mahakamani, lakini na yenyewe ina wakili.

Angalia kwanza ncha ilivyo. Kama tawi limekatwa safi, kwa mshazari, kama mtu kapita na kisu, huyo ni sungura. Wana njaa winta nzima na theluji inawapa ngazi, kadiri inavyojaa ndo wanavyofikia juu zaidi. Zungushia waya wenye matundu madogo kabla ya mwezi wa kumi na moja, na uwe mrefu kuliko unavyodhani. Kama gome limetafunwa chini kabisa kuzunguka shina ni panya wa shambani, anapita chini ya theluji, matandazo yasisogelee shina. Paa nao wapo, wao wanachana tawi, halikatiki safi.

Kama tawi lipo zima ila limekauka, piga mstari kwa macho. Ukikuta chini ya kimo fulani kila kitu kinachipua na juu ya kimo hicho vyote vimekufa, huo mstari ndo theluji ilipoishia. Theluji ni blanketi, juu yake hewa inaweza kuwa nyuzi 30 chini ya sifuri na chini yake kukawa karibu na sifuri tu. Ndo maana hizi aina fupi zinafanya vizuri huku, zinalala zimefunikwa. Kwahiyo mwaka wenye theluji kidogo na baridi kali ndo mbaya, sio mwaka wenye theluji nyingi. Mi nikifagia njia ya gari theluji yote naisukumia kwenye bluberi, majirani walidhani nimekosa pa kuitupa.

Ila kabla hujaihukumu baridi jiulize mwezi wa saba na wa nane uliweka mbolea? Ukilisha SA mwisho wa sama mmea unatoa machipukizi mapya laini, alafu baridi inayakuta hayajakomaa. Hapo kosa ni lako. Mbolea mwisho ni mwanzoni mwa mwezi wa saba. Na ukipogoa mwezi wa kumi ni hadithi ileile, subiri mwezi wa tatu au wa nne theluji ikianza kuyeyuka ndo utoe matawi yaliyokufa na yale mazee ya miaka sita na kuendelea.

Mche mdogo uliopandwa mwezi wa kumi unaweza ukaukuta springi umelala juu ya ardhi mizizi nje. Hakuna aliyeuchimbua, udongo ukiganda na kuyeyuka unausukuma juu taratibu. Panda springi tu.

Ya kwenye kopo

Wengi tumepanga, hatuna ardhi, kwahiyo kopo barazani. Hapa kuna njia mbili za kukosea na zinapingana.

Ya kwanza unaiacha nje winta nzima kwasababu umesoma inavumilia. Inayovumilia ni matawi, mizizi ni dhaifu zaidi, na ardhini mizizi inalindwa na ardhi yenyewe wakati kwenye kopo baridi inaingia pande zote. Na ardhi ya huku inaganda kwelikweli, wajenzi wanatakiwa washushe msingi inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, sembuse kopo la plastiki.

Ya pili unaionea huruma unaiingiza sebuleni. Nimeshaona bluberi imekaa pembeni ya tivii winta nzima, majani yanapendeza, wenye nyumba wanapiga nayo picha za Krismasi. Springi haikutoa ua hata moja. Bluberi za kaskazini lazima zilale, zinahitaji kama saa 800 mpaka 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7, bila hivyo haziamki vizuri. Ndo sababu wanaolima bluberi Kenya wanatumia aina nyingine kabisa zisizohitaji baridi nyingi, ukituma Northblue nyumbani kwa bibi utakuwa umetuma pambo.

Katikati ya hizo mbili ni banda la gari lisilo na hita. Weka huko ikishadondosha majani, mara moja moja mwagia maji kidogo isikauke kabisa, toa springi. Kama huna banda, chimba shimo kwa mtu mwenye uwanja, zika kopo lote, funika majani makavu.

Imechanua, matunda hamna

Ua likifunguka kabisa, nyuzi 2 chini ya sifuri zinatosha kuliua. Pasua moja kwa ukucha, katikati pakiwa peusi au kahawia basi lilishaungua. Huku mwezi wa tano usiku unaweza kukuzingua hivyo bila taarifa, kwahiyo fatilia utabiri, jioni funika kwa shuka kuukuu mpaka chini, asubuhi toa. Sio nailoni, nailoni ikigusa ua ni kama hujafunika.

Kama katikati ni kijani na ua limedondoka zima, nyuki hawakuja. Ua la bluberi limeinama kama kengele na chavua haitoki kirahisi, wale manyuki wanene wenye manyoya ndo mafundi, wanalishika ua na kulitetemesha mpaka chavua inamwagika, nyuki wa asali hawana hiyo mbinu. Wiki nzima ya mvua na ubaridi wakati wa maua, hamna kitu. Na panda aina mbili tofauti karibu karibu, moja peke yake inazaa ila matunda yanakuwa madogo na machache.

Kama maua hayakuwepo kabisa, rudi kwa sungura au kwa mkasi wako. Macho ya maua ya mwaka kesho yanajitengeneza mwisho wa sama kwenye ncha za matawi, yale manene ya duara, yale membamba yenye ncha ni ya majani. Mtu anayepogoa kwa kusawazisha kichwa kama ua wa michongoma anakata mavuno yote.

Vidogo vidogo vya majani

Majani mekundu mapema springi ni ubaridi tu, yatageuka. Mekundu mwezi wa kumi ni uzuri wake, piga picha. Kingo za kahawia zilizokauka ni ama kiu ama mbolea imezidi, na kama ulimwagilia vizuri basi unajua ni ipi. Matundu matundu jani likabaki kama neti mwezi wa saba, ni mende wa Kijapani, yule wa rangi ya shaba na kijani, asubuhi bado ana usingizi unamkung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Matunda yapo ila yana shida

Machachu: umewahi. Bluu sio kuiva, ligeuze uangalie kwenye kikonyo, kama kuna pete nyekundu liache, siku kadhaa tu linabadilika, na ukilichuma kabla halitaongeza utamu kwenye bakuli. Yanapotea yakikaribia: ndege, na neti uweke kabla hayajawa bluu maana wakishaonja hawasahau, iweke kwenye fremu isilale juu ya kichaka la sivyo wanakaa juu na kudonoa kupitia matundu.

Yanasinyaa, yanakuwa na rangi ya waridi iliyochujuka na kudondoka magumu kama punje: huo ni ukungu, na kila tunda lililodondoka linakaa ardhini likisubiri springi lianze upya. Okota yote, alafu juu weka matandazo mapya sentimita tano ya kuyazika uliyoyakosa.

Mwisho ni lile tunda linaloonekana zuri alafu ukilishika limelegea na linatoa maji. Kuna kainzi kadogo ka kutoka Asia, kalionekana California mwaka 2008 na Minnesota 2012, jike lake lina msumeno mkiani anatoboa tunda linaloiva na kutaga ndani, sio kama inzi wengine wanaosubiri lioze. Wanazidi mwezi wa nane, kwahiyo aina zinazowahi mwezi wa saba zinaponea. Chuma kila baada ya siku mbili, usiache yaliyoiva mtini wala yaliyodondoka chini, na ukichuma tu ingiza kwenye friji. Kuhakikisha kama wapo ponda kiasi kwenye maji ya chumvi usubiri robo saa, vifunza vyeupe vitaelea. Mi nilifanya hilo jaribio mara moja tu, jioni, na wageni walikuwa wameshakula asubuhi, nikamwaga maji nikaosha bakuli kimya kimya.